Mtoto mtukutu, kaa la mawe ndani ya soksi!

MPENZI msomaji, kama wewe ni mzazi na kila ikiingia Desemba unamtishia mwanao kwamba asipotulia hapati nguo ya sikukuu, basi leo kaa kitako tuzungumze. Hukuanza wewe. Wazungu wameucheza mchezo huo miaka mingi, tena wenzetu walikwenda mbali. Mtoto anatundika soksi yake usiku, asubuhi anatumbukiza mkono akitegemea pipi, anaibuka na kipande cha makaa ya mawe! Vidole vyeusi, aibu juu.

Nimelifuatilia jambo hili, na kilichonishangaza zaidi ni mwanzo wake.

Katika Karne ya 4 alikuwepo askofu mmoja, Nicholas wa Myra, mji uliokuwa katika nchi ambayo leo ni Uturuki. Hadithi yake inasema kulikuwa na baba hohehahe mwenye mabinti watatu. Huko binti ndiye aliyekwenda na mali kwa mume, si kama kwetu ambako mwanaume ndiye anayehangaika na mahari. Baba hana hata senti, na mabinti wanakaribia kuishia kwenye kuuza miili yao. Basi Nicholas akapita usiku kwa siri, akawarushia mifuko ya dhahabu dirishani, kila binti na wake. Wasimuliaji wa baadaye wakaongeza kwamba dhahabu ilitua kwenye soksi zilizoanikwa karibu na moto.

Umeona hapo? Askofu hakuuliza nani ana adabu na nani mtukutu. Aliangalia shida, akatoa.

Fimbo yaingia

Walimwengu hawakuliacha hivyo. Ilipokuja desturi ya kuwagawia watoto zawadi kwenye sikukuu yake, Desemba 6, wakamtafutia mtakatifu wasaidizi wa kutisha. Austria na Bavaria wana Krampus, jitu la pembe na manyoya, minyororo inalia, fito mkononi na kapu mgongoni la kubebea watoto watundu. Wafaransa wana Père Fouettard, yaani mzee wa viboko. Uholanzi watoto waliweka viatu badala ya soksi, na mtukutu aliambiwa atapata fito au chumvi. Akizidi, anatiwa guniani na kupelekwa Hispania!

Iceland ndiyo kasheshe kabisa. Kule kuna jimama zimwi liitwalo Grýla, mla watoto. Vitisho vilizidi mpaka mwaka 1746 ikatolewa amri ya kuwakataza wazazi kuwatisha watoto kwa mazimwi. Siku hizi mtundu huambulia kiazi kibovu ndani ya kiatu.

Mwaka 1821 kule New York kilitoka kijitabu cha picha cha Santa. Watoto wazuri waliachiwa zawadi, na kwa wabaya waliachiwa wazazi fimbo. Miaka miwili baadaye gazeti la mji wa Troy likachapa shairi la Santa lililokuja kupendwa mno, na ndani yake soksi zimetundikwa karibu na bomba la moshi, fimbo haimo.

Na makaa je? Hapo nenda Italia kwa bibi Befana, anayepita usiku wa kuamkia Januari 6 na ufagio wake. Mtoto mwema anajaziwa peremende kwenye soksi, mkorofi anapata makaa. Lakini hata huyo bibi amelainika, kwani siku hizi madukani yanauzwa makaa ya sukari, meusi tii, mtoto anatafuna huku anacheka. Hispania nao wanayo.

Nani anaumia?

Sasa nije kwenye kinachonikera. Mtoto wa kigogo anaweza kuvunja vyombo mwaka mzima na bado akaamka na baiskeli. Mtoto wa mlalahoi katulia kama maji ya mtungini, soksi tupu. Kama ameshaambiwa zawadi ni za watoto wazuri, ataelewa nini? Ataelewa yeye ni mbaya. Umaskini wa baba umegeuzwa kuwa kosa la mtoto.

Na usiwacheke wazungu. Hapa kwetu mzazi mfuko umetoboka, anamwambia mtoto, "Hukununuliwa gauni kwa sababu hukusikia." Mwambie ukweli, mzazi mwenzangu! Mwambie mwaka huu hela haikupatikana. Ataelewa, na pilau ya jirani ataila kwa raha zake. Adabu mfundishe Machi na Agosti pia, usingoje Desemba.

Halafu hebu fikiria, ukimwekea mtoto mkaa kwenye soksi hapa uswahilini, mama mtu atakushukuru na kuubandikia maharage. Itakuwa adhabu gani hiyo?

Haya, tukutane wiki ijayo.