Rosta ya Mumeo Iko Mikononi mwa Nani?

Kama unaishi Kahama, Geita mjini au Shinyanga, nadhani ushaizoea hii: mtu akikutana na mke wa mfanyakazi wa mgodini haulizi "mzee hajambo?" Anauliza, "Yuko ofu au yuko zamu?" Ndivyo maisha yalivyo kwenye ukanda wa dhahabu. Mgodi wa Geita ulianza uzalishaji mwaka 2000, Bulyanhulu ukafuata 2001, na pembeni yake yakaota makampuni ya ukandarasi ya kila aina: ulinzi, chakula, usafiri, uchorongaji. Watu wanaingia zamu mchana na usiku, wengine wanalala kambini wiki nzima au zaidi bila kuiona familia.

Mimi ni afisa utumishi katika moja ya kampuni hizo za ukandarasi. Nakwambia ukweli, ugomvi mwingi unaofikishwa kwa washenga na wazee huanzia kwenye karatasi iliyochelewa mezani kwa mtu kama mimi. Ndiyo maana mwezi huu nataka tuongee habari za kompyuta na simu ofisini, na zinavyoweza kuiokoa nyumba yako au kuivuruga.

Siku tatu za baba

Tuanze na mfano mmoja. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama siku 84 za likizo ya uzazi yenye malipo, na 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Baba naye anazo angalau siku 3. Lakini sikiliza vizuri: siku hizo 3 lazima zichukuliwe ndani ya siku 7 tangu mtoto azaliwe.

Sasa piga hesabu. Mama kajifungua Jumatatu usiku, baba yuko kwenye zamu. Fomu ya likizo inataka saini ya msimamizi, ambaye yuko ofu. Ikitoka hapo inakwenda kwa meneja, kisha inakuja kwetu, kisha anatafutwa mtu wa kuziba nafasi. Kwa karatasi, mzunguko huo unaweza kula wiki nzima. Haki ipo kwenye sheria, ila imekwisha muda wake kabla baba hajambeba mwanae. Halafu mama anajiambia, "Huyu bwana kazi ndiyo mkewe."

Hapo ndipo mfumo wa kompyuta unapokuwa na maana. Baba anaomba kwa simu, msimamizi anapata taarifa hata akiwa nyumbani, na orodha ya zamu inaonyesha papo hapo nani anaweza kumshikia nafasi. Mfumo huohuo unaweza kuzuia mjamzito asipangiwe zamu ya usiku ndani ya miezi 2 kabla ya tarehe ya kujifungua, kama sheria inavyotaka. Na ukionyesha rosta ya miezi mitatu mbele, mnaweza kupanga harusi ya mdogo wenu, kliniki ya mtoto, hata wikiendi yenu wawili kule Mwanza.

Mwalimu na barua yake

Upande wa Serikali kuna mfano mzuri zaidi. Chukua mwalimu wa kike aliyeajiriwa Nyang'hwale, mumewe muuguzi Kishapu. Wameoana, lakini wanaonana likizo tu. Zamani ombi la uhamisho lilikuwa safari: barua inapita ofisi moja hadi nyingine, na wengi walipanda basi hadi Dodoma kuulizia imefikia wapi. Nauli, gesti, foleni, na jibu ni "njoo wiki ijayo".

Siku hizi mtumishi wa umma anaingia kwenye mfumo unaoitwa ESS, anaandika ombi lake la uhamisho akiwa hukohuko kijijini, na anafuatilia limefikia kwa nani. Sikwambii kila anayeomba anapata, maana shule ikibaki na walimu wawili hakuna kompyuta itakayomzaa wa tatu. Lakini kujua ombi lako liko wapi ni afadhali kubwa. Mke na mume wakijua wanasubiri nini, wanaacha kulaumiana.

Mashine haijui huruma

Hata hivyo usije ukadhani teknolojia ni malaika. Mwaka 2016 Serikali ilipohakiki orodha za mishahara iliondoa watumishi hewa zaidi ya 10,000. Hiyo ilikuwa kazi njema. Lakini uhakiki uliofuata uliwagusa pia watu halisi waliomaliza darasa la saba, madereva na watendaji wa vijiji, waliojikuta hawana kazi. Mwaka 2018 Serikali ikaagiza walioajiriwa kabla ya Mei 20, 2004 warudishwe kazini. Fikiria hiyo miezi katikati: kodi ya nyumba, ada ya watoto, na maswali ya mama mwenye nyumba.

Orodha inafuta jina kwa sekunde moja, ila kulirudisha ni lazima apatikane mtu wa kukusikiliza. Kwa hiyo kampuni inayonunua programu halafu inapunguza maafisa utumishi imekosea njia. Mashine ibebe makaratasi, ili sisi tupate muda wa kukaa na dereva aliyefiwa, au kijana ambaye wiki ya tatu sasa anachelewa kazini na hasemi kwa nini.

Siri ya slipu

Jambo la mwisho, na hili akina dada msininunie. Wapo wanaokuja ofisini kuomba tuwaonyeshe mshahara wa mume. Jamani, hapana! Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inalinda mshahara wake, alama zake za vidole na majibu yake ya hospitali. Slipu iko kwenye simu yake, mwombe mwenyewe. Akikataa, hilo ni la kuzungumza ninyi wawili mezani, ofisi ya utumishi haina dawa yake.

Kabla hujasaini mkataba

Wewe au mwenzi wako akiitwa kazini huku kwetu, ulizeni haya:

• Rosta inatolewa siku ngapi kabla, na ikibadilishwa mnaambiwaje?

• Likizo ya dharura inaombwaje usiku au Jumapili? Mtoto akiugua, sheria inatoa angalau siku 4 zenye malipo.

• Mtandao ukikatika, au kama mtu hana simu ya kisasa, anahudumiwaje?

• Kosa likitokea kwenye mshahara, nani hasa wa kumwona? Mtajiwe jina na cheo.

• Michango ya hifadhi ya jamii inapelekwa kila mwezi? Msingoje kuambiwa, angalieni wenyewe.

Mwajiri akijibu yote bila kuzungukazunguka, sainini kwa amani. Akicheka au akisema "tutaona mbele ya safari", basi mjue hata siku mtoto atakapozaliwa mtaambiwa hivyohivyo.