Riba ya Nyumba Yako Haijaisha

Swali huja kwa sura nyingi, ila undani wake ni ule ule: "Mtaalamu, mkopo wangu wa nyumba umetimiza miaka mitano. Benki imeshakula riba yake, kilichobaki ni deni lenyewe. Kuna faida gani nijibane nilipe mapema?" Muulizaji mara nyingi ni mtu aliyesoma, mwenye kazi ya kueleweka, anayejua bei ya mfuko wa saruji bila kupiga simu. Na kusema kweli haulizi ili ajue. Amepata malimbikizo ya mshahara, au bonasi, na moyo wake umeshaelekea kwenye gari. Anachotafuta kwangu ni baraka. Nunua gari, ndugu yangu, pesa ni yako. Lakini usimwambie mkeo kwamba umelinunua kwa sababu riba ya nyumba imeisha, maana haijaisha. Hata nusu yake hujafika.

Imani hii imeenea kuliko ninavyoweza kuvumilia. Nimeisikia kwenye vikao vya harusi, nimeisikia kwa walimu wa hesabu, na kinachouma zaidi nimeisikia kwa maofisa mikopo waliovaa tai. Inasemwa kwamba benki hutenga riba yote ya mkopo, huikusanya kwanza mpaka ikamilike, kisha ndipo hukuruhusu uanze kulipa deni la msingi. Kwa hiyo aliyefika katikati ya safari ameshaumia, hakuna cha kuokoa, asubiri tu muda ufike.

Tuchukue mkopo wa kawaida tuuchane. Shilingi milioni 80, riba asilimia 16 kwa mwaka kwa salio linalopungua, miaka 15. Sikuchagua riba ya kutisha. Mikopo mingi ya nyumba Tanzania hutembea kati ya asilimia 13 na 19. Rejesho la kila mwezi ni shilingi 1,174,960. Katika rejesho la kwanza kabisa, shilingi 1,066,667 ni riba, na deni la msingi linapungua kwa shilingi 108,293 tu. Ndiyo, inakera. Mtu anatoa zaidi ya milioni moja, na deni linashuka kwa pesa ya kununua vocha na mafuta ya kupikia.

Sogea sasa hadi mwisho wa mwaka wa 5. Umeshalipa marejesho 60, jumla yake milioni 70.5. Unafungua taarifa ya mkopo, unakuta bado unadaiwa milioni 70.1. Hapa ndipo watu hushika kichwa, na hapa ndipo uzushi huzaliwa. "Nimelipa milioni 70 na deni liko pale pale, basi zote hizo zilikuwa riba, sasa riba imekwisha." Sehemu ya kwanza ya sentensi hiyo inakaribia ukweli: katika milioni 70.5 ulizotoa, takriban milioni 60.6 zilikuwa riba. Sehemu ya pili ni ndoto. Riba ya mkopo huu kwa miaka yote 15 ni milioni 131.5. Toa 60.6 uliyokwisha kulipa. Inabaki milioni 70.9. Yaani riba iliyo mbele yako ni kubwa kuliko riba iliyo nyuma yako, na wewe uko benchi la mbele unatangaza kwamba umeimaliza.

Na si mwaka wa 5 peke yake. Katika mkopo huu, sehemu ya deni ndani ya rejesho inaizidi sehemu ya riba kwa mara ya kwanza katika mwaka wa 11. Riba iko ndani ya kila rejesho hadi lile la mwisho kabisa, ambalo lina riba ya shilingi elfu 15 na ushei. Haijawahi kuwepo siku ambayo mfumo wa benki ulisema: riba tayari, sasa tuhamie kwenye deni.

Kinachotokea ni jambo jepesi kiasi kwamba watu hukataa kuliamini. Kila mwezi mfumo unatazama salio lako, unalizidisha kwa riba ya mwaka iliyogawanywa kwa 12, unapata riba ya mwezi huo, basi. Ni sawa na mpangaji aliyepanga vyumba kumi: atalipia kumi. Akirudisha viwili, mwezi unaofuata analipia vinane. Mwenye nyumba hakumtoza kodi ya miaka 15 siku ya kwanza. Alimtoza kwa vyumba alivyokuwa anavikalia. Mwanzoni riba ni nyingi kwa sababu deni ni kubwa. Baadaye inapungua kwa sababu deni limepungua. Hakuna hila nyingine, na anayedhani ipo achukue karatasi apige hesabu ya miezi mitatu mfululizo.

Maana yake ni kwamba kila shilingi unayoipeleka kwenye deni la msingi, iwe mwaka wa 1 au wa 14, inaacha kutozwa asilimia 16 kuanzia siku hiyo. Turudi kwa mtu wetu wa malimbikizo. Mwisho wa mwaka wa 5 apeleke milioni 10 kwenye mkopo, na aendelee na rejesho lile lile. Badala ya miezi 120 iliyobaki, atamaliza kwa miezi 87. Amekata miezi 33, na riba aliyoepuka ni takriban milioni 29. Kwa milioni 10! Huyo ndiye aliyeambiwa hakuna faida.

Nikubali punje moja ya ukweli. Milioni 10 hizo hizo zikipelekwa ikiwa imebaki miaka miwili tu, zitaokoa chini ya milioni 3, kwa sababu miezi ya kutozwa imebaki michache. Kwa hiyo kadiri unavyochelewa ndivyo unavyookoa kidogo. Lakini kutoka "kidogo zaidi" hadi "hakuna" ni mbali, na aliye mwaka wa 5 kati ya 15 hana sababu ya kujifariji kwa hesabu ya aliye mwaka wa 13.

Uzushi wenyewe una mzazi. Ipo mikopo ambayo riba yake kweli hupigwa siku ya kwanza kwa mkopo mzima, ile inayoitwa riba ya flati. Utaikuta kwenye vikundi vya mitaani, kwa wakopeshaji wadogo, na bila shaka kwa ndugu zetu wa kausha damu. Huko ukikopa milioni 10 kwa asilimia 3 kwa mwezi, miezi 12, riba ni milioni 3.6 na haipungui hata deni likipungua. Ukitaka kulipa mapema, wengi watakuambia ulipe na riba ya miezi ambayo hujaifikia. Mtu aliyeungulia huko akija kwenye mkopo wa nyumba hudhani moto ni ule ule. Basi kabla ya lolote, fungua mkataba wako utafute maneno "salio linalopungua". Ukiyakuta, sahau uliyoambiwa kwenye kikundi.

Na kwa kuwa nimeitaja hiyo asilimia 3, niimalize na dawa ya mitishamba inayouzwa sasa: kopa kwenye kikundi kwa "asilimia 3 tu", upunguze mkopo wa benki wa "asilimia 16". Tatu ni ndogo kuliko kumi na sita, kwa hiyo umeshinda! Hiyo 3 ni ya mwezi na hiyo 16 ni ya mwaka. Tena kwa sababu ni ya flati, huku wewe unarudisha deni kila mwezi, gharama yake halisi ni zaidi ya asilimia 5 kwa mwezi, yaani zaidi ya 60 kwa mwaka. Unazima moto wa mshumaa kwa petroli. Kuna mtu alinionyesha mpango huu kwenye daftari, ameupigia mistari kwa kalamu nyekundu, na alikasirika niliposema hapana. Jibu langu bado ni hapana.

Hoja ya heshima zaidi ni ya wale wanaosema pesa ya ziada iwekwe mahali izae. Hao tuzungumze nao kwa adabu. Hatifungani ya serikali ya miaka 25 iliyouzwa na Benki Kuu mwaka 2021 ilikuwa na kuponi ya asilimia 15.95, mwenye mkopo wa asilimia 13 aliyekimbilia pale hakukosea. Lakini mwenye mkopo wa 16 au 18 anayeweka akiba kwenye amana ya mwaka mmoja kwa asilimia 8 au 9, na riba hiyo ikakatwa kodi ya asilimia 10, huyo anaifadhili benki kwa hiari. Linganisha riba mbili, chagua iliyo kubwa. Haihitaji semina.

Sasa mambo ya nyumbani, haraka haraka, kwa sababu haya mnayajua ila hamyafanyi.

Usilipe benki mapema kabla hujawa na akiba ya miezi mitatu ya matumizi, rejesho la nyumba likiwemo. Pesa uliyoipeleka kwenye mkopo hairudi; ukiugua mwezi unaofuata, benki haitakupa ile milioni 10 utibiwe, itakupa fomu ya mkopo mpya. Maliza kwanza mikopo ya simu na ya vikundi, hiyo ndiyo inayowala. Ada za Januari, kodi ya pango la ardhi, bima na michango ya harusi si dharura, zinakuja kila mwaka. Zijumlishe, zigawe kwa 12, zitenge kila mwezi, usije ukaishi kama aliyevamiwa. Harusi iwe na kiwango chake cha mwaka, na kikiisha, sema kimeisha. Shemeji atanuna, atasahau.

Huna milioni 10? Ongeza laki moja kila mwezi juu ya rejesho. Katika mfano wetu, kuanzia mwaka wa 6, laki moja hiyo inakata miezi 20. Mshahara ukipanda, nyongeza iende kwenye deni kabla hamjaizoea mezani. Baba na mama mkubaliane, kwa sababu mmoja akibana na mwingine akifungulia, hakuna jedwali litakalowasaidia. Wala msitegemee kiinua mgongo kije kufuta kila kitu. Kanuni ya Julai 2022 iliweka mkupuo wa asilimia 33, na hata baada ya kupandishwa hadi 40 kwa baadhi ya wastaafu, sehemu kubwa ya mafao inakuja kidogo kidogo kama pensheni. Panga nyumba iishe kabla ya kustaafu, au chukua mkopo mdogo zaidi.

Benki, nenda na barua. Usiweke pesa kwenye akaunti ukaamini kwamba mfumo utaelewa nia yako. Mara nyingi utakaa nazo ukikata rejesho la kawaida kila mwezi. Andika kwamba kiasi hiki ni cha kupunguza deni la msingi, na kwamba unataka muda upungue, rejesho libaki lile lile. Sentensi hiyo ya mwisho ina bei. Katika mfano wetu, milioni 10 zikitumika kupunguza rejesho badala ya muda, rejesho linashuka hadi 1,007,447, unapata nafuu ya laki moja na elfu 67 kwa mwezi, na riba unayookoa inaporomoka kutoka takriban milioni 29 hadi milioni 10. Wakati mwingine nafuu hiyo ndiyo unayoihitaji, hasa kama mwenzi wako amepoteza kazi. Lakini uichague wewe, asikuchagulie karani. Uliza pia kama mkataba una tozo ya kulipa kabla ya muda na ni kiasi gani, kisha uitoe kwenye hesabu. Baada ya mwezi, dai jedwali jipya la marejesho. Kama tarehe ya mwisho haijasogea, barua yako haijafanyiwa kazi.

Deni likiisha kabisa, usiridhike na pongezi za meneja wa tawi. Chukua hati yako, chukua waraka wa kufuta rehani, na ufuatilie mpaka usajiliwe kwa Msajili wa Hati. Rehani ambayo haijafutwa kwenye daftari itaonekana kwa kila atakayefanya upekuzi wa kiwanja hicho, hata kama benki haikudai senti tano.