Dumuzi: Adui Anayejificha Katika Nguzo za Ghala

Wengi wetu akina mama tumeyaona haya. Mahindi yamevunwa, ghala limejaa, na moyo umetulia kwamba mwaka huu watoto hawatalala njaa. Baada ya miezi mitatu unakwenda kuchukua debe moja la kusaga. Unashika hindi, ni jepesi mno, na vumbi jeupe linamwagika miguuni pako. Punje zimebaki maganda. Huyo ni dumuzi, ambaye mahali pengine huitwa Scania.

Dumuzi si mwenyeji wa kwetu. Asili yake ni Meksiko na nchi za Amerika ya Kati. Barani Afrika alitambuliwa kwanza mkoani Tabora, Tanzania, mwanzoni mwa miaka ya 1980, na mwaka 1983 akaonekana Taveta, Kenya. Wataalamu walipopima huko Tabora, walikuta mahindi ya baadhi ya wakulima yamepungua uzito kwa hadi asilimia 34. Hiyo ni kama kupoteza gunia moja katika kila matatu!

Jambo ambalo wengi hatulijui ni kwamba dumuzi ni wa ukoo wa wadudu watoboa miti. Ni mdogo sana, urefu wake ni milimita 3 hadi 4 na nusu, na kichwa chake kimeinama hata hakionekani ukimtazama kwa juu. Porini huishi ndani ya matawi makavu. Nyumbani huingia katika nguzo na fito za ghala. Ndiyo sababu tunafagia ghala, tunaweka mahindi mapya, na baada ya muda hasara inarudi vile vile. Tumesafisha sakafu, kumbe adui yumo ndani ya mti.

Basi tufanyeje?

Kwanza, kabla ya mavuno tukague ghala. Matundu madogo ya mviringo kwenye nguzo, pamoja na unga wa mti chini yake, ni dalili mbaya. Mti ulioliwa ung'olewe na kuchomwa moto. Mabaki ya mahindi ya mwaka uliopita yasichanganywe na mapya. Tuangalie na makopa pia, maana dumuzi hupenda sana mihogo mikavu.

Pili, tuvune mapema na kupukuchua. Dumuzi hustawi zaidi katika mahindi ambayo hayajapukuchuliwa, na dawa ya unga haizifikii vizuri punje zilizo kwenye gunzi.

Tatu, tukaushe vizuri. Tia punje chache na chumvi kavu katika chupa kavu, utikise. Chumvi ikiganda kwenye chupa, mahindi hayajakauka.

Nne, tuchague dawa kwa uangalifu. Dawa iliyozoeleka kwa fukusi peke yake haimwezi dumuzi, kwa hiyo hutumika dawa ya unga iliyochanganywa aina mbili. Tufuate kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti, na tusitumie kamwe dawa za pamba au kahawa katika chakula. Asiyependa dawa anaweza kutumia mifuko isiyopitisha hewa; ikifungwa vizuri, wadudu hufa kwa kukosa hewa.

Tano, tusingoje miezi mitatu. Tukague kila baada ya majuma mawili, maana katika joto linalomfaa yai la dumuzi huwa mdudu kamili kwa muda wa mwezi mmoja hivi.

Wataalamu nao wana njia zao. Dumuzi dume hutoa harufu inayowaita wenzake. Harufu hiyo imetengenezwa na kuwekwa katika mitego inayotundikwa mbali na maghala, ili ijulikane wadudu wanaruka kwa wingi wakati gani. Pia aliletwa mdudu mwingine kutoka Amerika ya Kati ambaye humla dumuzi. Aliachiliwa Togo mwaka 1991, na Kenya mwaka 1992. Husaidia kupunguza dumuzi porini, lakini hawezi kutulindia gunia lililo ndani.

Kazi hiyo ni yetu, na si ya mama peke yake. Baba na abadilishe nguzo, watoto wasaidie kupukuchua. Kagueni nguzo leo, kabla hindi la kwanza halijaingia ghalani.