Mlowezi Katika Ngeli ya Vitu: Filamu ya Claire Denis na Jina Lake

Kitenzi "kulowea" kina maana ya kuhamia mahali pageni na kuzoea kukaa huko pasi na nia ya kurejea. Ndicho kilichozaa nomino "mlowezi", ambayo nchini Kenya ilifungamana na Mzungu mwenye shamba katika nyanda za juu. Nomino hii husema juu ya mazoea tu. Juu ya haki haisemi lolote. Pengo hilo baina ya kuizoea nchi na kuwa na haki nayo ndilo linalobeba filamu ya Kifaransa White Material, iliyoongozwa na Claire Denis na kuonyeshwa kwa mara ya kwanza katika tamasha la Venice mwaka wa 2009.

Denis alizaliwa Paris mwaka wa 1946 na kulelewa katika makoloni ya Ufaransa barani Afrika, Kameruni ikiwa mojawapo. Awali mwigizaji Isabelle Huppert alipendekeza riwaya ya Doris Lessing ya mwaka wa 1950, The Grass Is Singing, ambayo mandhari yake ni Rhodesia ya Kusini, igeuzwe kuwa filamu. Denis hakutaka kurudi kwenye enzi hiyo. Yeye na mwandishi Marie NDiaye walibuni hadithi ya baada ya uhuru katika nchi isiyotajwa jina, ingawa picha zilipigwa Kameruni.

Mhusika mkuu, Maria Vial, anayeigizwa na Huppert, anasimamia shamba la kahawa huku vita vya wenyewe kwa wenyewe vikikaribia. Wanajeshi wa Ufaransa wanaihama nchi. Helikopta yao inapita juu ya shamba ikimsihi aondoke. Anakataa, kwani mavuno hayajaisha. Vibarua wanaposhika njia, wakiona kahawa si kitu cha kufia, anakwenda kutafuta wengine. Mtazamaji wa Kenya hawezi kuichukulia kahawa hiyo kama zao tu. Chini ya ukoloni Mwafrika wa Kenya alizuiwa kuipanda hadi miaka ya 1930, na hata baada ya hapo aliruhusiwa kwa masharti na katika maeneo machache. Mbuni ulitenga mwenye shamba na kibarua. Kinaya ni kwamba Maria mwenyewe hamiliki hata mbuni mmoja. Shamba ni la Henri, baba wa André, mume aliyeachana naye. Na André anapanga kisirisiri kumwuzia meya.

Jina la filamu ndilo linalostahili kutuliwa zaidi. Ni msemo wa waasi, wengi wao watoto, unaotumiwa kwa vitu kama kiberiti cha dhahabu cha familia hiyo. Tukikitafsiri "Mali ya Mzungu", tunamfanya Mzungu mmiliki, na hivyo tunambakisha kuwa mtu. "Vitu vya Kizungu" inakaribia zaidi, maana kiambishi ki- humwondoa mtu na kuacha namna yake tu. Lakini msemo wenyewe unakwenda mbali kuliko tafsiri zote mbili: unawatia vitu na wenye vitu katika kapu moja. Kwa istilahi za sarufi, mlowezi ametolewa katika ngeli ya A-WA na kutiwa katika KI-VI. Wala si jambo geni. Mwafrika wa Kenya ya kikoloni, hata akiwa na wajukuu, alitambuliwa kwa kipande kilichoning'inia shingoni mwake.

Manuel, mwana wa Maria, anaonja uhamisho huo mwilini. Vijana wawili wenye silaha wanamvua nguo na kumkata nywele. Baadaye anajinyoa kichwa, anatwaa bunduki na kuwafuata watoto waasi. Watoto hao wanabugia dawa walizopora na kulala, na askari wa serikali wanawachinja usingizini. Tukio hilo halina kelele, na ndilo zito kuliko yote.

Kwa kuwa filamu huanza karibu na mwisho, Maria akiwa amening'inia nyuma ya basi, mbinu rejeshi humfahamisha mtazamaji mapema kwamba mama huyu amechelewa.

Udhaifu upo. Boxer, kiongozi wa waasi aliyejeruhiwa na kujificha nyumbani kwa Maria, hasemi mengi. Anaigizwa na Isaach de Bankolé, yule yule aliyekuwa mtumishi Protée katika Chocolat, filamu ya kwanza ya Denis ya mwaka wa 1988. Miaka ishirini imepita na bado amenyamaza. Vita navyo vinakuja kama mvua, bila chanzo. Nchi kutotajwa jina ni sawa, lakini vita visivyo na sababu ni vita vinavyotazamwa kutoka barazani kwa mlowezi. Maelfu ya Wafaransa walipoihama Kodivaa mnamo Novemba 2004, sababu zilijulikana: askari tisa wa Ufaransa waliuawa kwa mabomu mjini Bouaké, nayo Ufaransa ikaziharibu ndege za jeshi la nchi hiyo, na ghasia zikazuka Abidjan.

Mwishoni Maria anafika nyumbani. Shamba limeteketea na Manuel amekufa motoni. Anashika panga. Anayemkata si mwasi wala askari, bali Henri, mwenye shamba, na filamu haionyeshi aendako baada ya hapo.