Alipiga Hodi kwa Wenye Kinema

Ndugu msomaji, ukiwa na habari ya kweli ambayo watu wanaogopa kuiangalia, utaipeleka kwao namna gani? Sikia habari ya Oscar Micheaux, mtu mweusi wa Marekani. Baba yake alizaliwa mtumwa.

Micheaux alikuwa mkulima, tena aliandika vitabu na kuviuza yeye mwenyewe. Mwaka wa 1919 alianza kutoa sinema. Wakati ule sinema haikuwa na sauti: maneno yaliandikwa tu kwenye picha. Hakukuwa kampani kubwa ya kumsambazia filme zake. Basi alizunguka mji kwa mji, foto mkononi, akipiga hodi kwa wenye kinema. Aliwaonyesha foto, akawaelezea hadithi, akawaomba makuta ya mbele. Ile makuta ilimsaidia kutengeneza filme ya kufuata.

Mu 1920 alileta Within Our Gates. Sylvia, mwalimu, anatafuta dolari 5.000 ili masomo ya watoto weusi yasifungwe. Baba aliyemlea alikuwa mlimaji. Siku alipopeleka hesabu ili alipwe haki yake, mwenye shamba alipigwa risasi na mtu mwingine. Lakini mlimaji ndiye alishitakiwa, na watu wakamtundika pamoja na mke wake.

Huko Chicago, mu Julai 1919, watu 38 walikufa katika fujo ya weusi na weupe. Juu ya ile, wachunguzi wa sinema waliikataa filme kwanza, kisha wakairuhusu. Wengine waliogopa fujo irudi. Micheaux hakuficha ile shida. Aliitia hata ndani ya matangazo, na watu wakataka kuona.

Miye mchungaji, kuna pahali pananichoma. Ndani ya filme iko mhubiri, Ned, anayewadanganya watu wake ili apendeze matajiri. Akiwa peke yake, anajua kama ameuza haki yake, sawa Esau. Tungemfungulia Micheaux mlango wa kanisa letu?

Filme ilipotea miaka mingi. Kopi moja ilionekana Hispania, na mu 1993 ilitengenezwa tena Marekani.

Ninyi vijana wenye kucheza teatre, musingoje mtu wa kuwatangaza. Muende wenyewe kwa mwenye chumba, muelezee vizuri kazi yenu. Lakini akisema, «Mutoe ile pahali pa kweli, njo nitawafungulia», mutamujibu nini? Muzungumze ile neno nyumbani, pamoja na wazazi.