Kitanda cha Roma, Dema la Kunduchi

Tajiri wa Roma katika karne ya kwanza hakula karamu akiwa ameketi. Alijilaza ubavu kitandani, ameegemea kiwiko cha kushoto, mkono wa kulia ukichukua chakula na watumwa wakipita na sinia. Vitanda vitatu vilizunguka meza, na kila mgeni alilala mahali palipolingana na cheo chake. Kitanda chenyewe kilikuwa cha fahari: mbao zake zilibandikwa vipande vyembamba vya gamba la kasa, na miguu ikapambwa kwa pembe za ndovu. Plinius, mwandishi wa Kirumi aliyefariki mwaka 79 mlima Vesuvius ulipolipuka, anamtaja hata mtu aliyeanzisha mtindo wa kupasua gamba hilo na kulibandika kwenye samani. Jina lake ni Carvilius Pollio.

Sehemu ya magamba hayo ilitoka huku kwetu, pwani ya Afrika Mashariki. Ndiyo maana naamini kwamba mwanafunzi wa Mbagala, Tandika, Tegeta au Bunju anapoanza kusoma habari za Roma, asianzie kwa Julius Caesar. Aanzie ufukweni kwake, kwa watu waliomkamata kasa yule.

Habari za watu hao zimo katika kitabu kidogo kiitwacho Periplus, kilichoandikwa kwa Kigiriki katikati ya karne ya kwanza. Mwandishi wake hakuandika jina lake, ila maneno yake yanamtambulisha: mfanyabiashara wa Misri aliyejua bandari, pepo na bei. Misri wakati huo ilikuwa mali ya Roma. Augustus aliitwaa mwaka 30 kabla ya Kristo, baada ya kumshinda malkia Cleopatra, na tangu hapo merikebu za Bahari ya Shamu ziliongezeka sana. Mwandishi anaeleza safari kutoka Misri hadi pwani ya Afrika Mashariki, ambayo aliiita Azania, na anaishia kwenye soko la mwisho alilolijua upande huu, Rhapta. Anasema jina hilo limetokana na vyombo vya kushonwa vilivyokuwa hapo.

Wataalamu wamebishana kwa muda mrefu kuhusu mahali Rhapta ilipokuwa. Wengine wametaja Pangani, wengine eneo la Dar es Salaam, wengine delta ya Rufiji. Ushahidi mzito wa biashara yenyewe ulipatikana Rufiji, ambako mwanaakiolojia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Felix Chami, alichimbua shanga za kioo za zama za Warumi na kuchapisha habari zake mwaka 1999. Chami ametuonyesha pia kwamba watu wa ukanda huu hawakuwa wakimsubiri mgeni awafundishe kuishi. Huko Limbo, kusini mwa Dar es Salaam, waliyeyusha chuma kwa wingi katika karne zile zile. Walilima, walivua na walifinyanga vyungu.

Sasa tumsikilize yule mfanyabiashara. Kabla ya kufika Rhapta anataja kisiwa kimoja chenye misitu, Menouthias, ambacho wasomi wanakidhania kuwa Unguja, Pemba au Mafia. Watu wa hapo, anasema, wana mitumbwi ya gogo na vyombo vya kushonwa, na wanavua samaki na kasa. Kisha anaongeza jambo lililomshangaza: badala ya nyavu wanatumia vikapu, wanavitega kwenye midomo ya mikondo, kule mawimbi yanapovunjikia miamba.

Mtoto wa Kunduchi akiusoma mstari huo hahitaji maelezo. Hilo ni dema.

Dema huanza kwa kuchana mianzi au fito kuwa vipande vyembamba vinavyopinda bila kukatika. Fundi huvisuka kwa matundu ya pembe sita, sakafu kwanza, kisha kuta, kisha paa. Mlango ndio kazi yenyewe: kwa nje ni mpana, kwa ndani unazidi kubana, na ncha za mianzi zinaelekea tumboni mwa dema, kiasi kwamba samaki akisukuma kuingia zinampisha, akitaka kutoka zinamchoma. Ndani huwekwa mwani, chakula akipendacho samaki aitwaye tasi, na mawe ya kulizamisha. Dema hupelekwa kwa ngalawa hadi kwenye mwamba, huachwa hapo, na mwenyewe hurudi kuliinua maji yakimruhusu. Juu ya maji huenda pasiwe na alama yoyote. Mvuvi hupanga vitu viwili vya nchi kavu vikae mstari mmoja, mnazi na mnara wa simu kwa mfano, kisha vingine viwili upande wa pili, na pale mistari inapokatana ndipo lilipo dema lake. Kuinua dema la mwenzio ni wizi, na mji mzima hukujua kwa jina hilo.

Vyombo vya kushonwa navyo vilidumu. Mtepe, jahazi lenye mbao zilizotobolewa pembeni na kushonwa kwa kamba bila msumari hata mmoja, lilikuwa bado linatembea kwenye pwani ya Lamu mwanzoni mwa karne ya 20. Chombo cha namna hiyo kikigonga mwamba hunepa kidogo, hakipasuki upesi kama kilichopigiliwa misumari. Mwaka 2003 mafundi walijenga mtepe mzima ndani ya Beit al Ajaib, Unguja, ili ujuzi usipotee. Jengo lenyewe liliporomoka sehemu mwaka 2020, na hilo liliniuma, kwa sababu nafasi ya kuuona mtepe kwa macho imezidi kupungua.

Lakini vyombo na mitego ni nusu tu ya habari. Mfanyabiashara yule aliandika pia desturi za kuishi na watu, na hapo ndipo anaponivutia zaidi. Anasema wenyeji wa Rhapta ni watu wenye miili mikubwa, na kila mmoja mahali pake huishi kama mtawala. Anasema mtawala mmoja wa kusini mwa Uarabuni alikuwa na madaraka juu ya eneo hilo kwa haki ya zamani, na kwamba watu wa bandari ya Muza, huko Yemen, walileta merikebu zao. Walileta mikuki, mashoka, visu na vyombo vya kioo. Walichukua pembe za ndovu, pembe za faru na magamba ya kasa. Pembe za hapa, anasema, ni nyingi lakini hazifikii ubora wa zile za Adulis, bandari ya Bahari ya Shamu. Magamba ya kasa, kwa upande wake, yanazidiwa na ya India tu. Halafu anataja divai na ngano, zilizoletwa kwa wingi katika baadhi ya bandari. Hizo hazikuwa za kuuzwa. Zilikuwa za kupata wema wa wenyeji.

Kwa mtu wa pwani hilo halina ugeni. Huingii mji wa watu mikono mitupu, na hulali mahali kabla ya kujitambulisha kwa mzee wa hapo. Watu wa Muza walilijua hilo. Ndiyo maana, kwa maelezo ya kitabu kile, manahodha na mawakala waliotumwa Rhapta walikuwa Waarabu waliozoeana na wenyeji, waliooa kwao, walioijua nchi na kuisema lugha yake.

Sababu ya kuoa haikuwa mapenzi peke yake. Chombo cha tanga kutoka kaskazini kilikuja na kaskazi na kurudi na kusi, na baina ya pepo hizo mbili kulikuwa na miezi ya kusubiri. Mgeni anayesubiri miezi hula, huugua, hukopa na hudaiwa. Akiwa na wakwe, ana watu. Mpaka leo ndoa ya pwani ni mkataba wa koo mbili: ukiacha mahari, kuna mkaja wa mama na kilemba cha baba, na asiyevitoa hajamaliza kuoa. Pale Roma mambo yalikuwa tofauti kabisa. Raia wa Roma hakuweza kufunga ndoa halali na mgeni isipokuwa awe amepewa haki hiyo maalumu, na mtoto wa ndoa isiyo halali alikosa uraia wa baba yake. Dola iliyotawala bahari nzima ya Mediterania ililinda mlango wa nyumba kwa sheria. Azania iliufungua kwa mahesabu yake yenyewe. Kwa maoni yangu, watu wa Azania walikuwa na akili zaidi katika jambo hili.

Tofauti nyingine iko kwenye chakula. Alfajiri pale Roma, watu wanyonge waliokuwa chini ya ulinzi wa tajiri walijipanga mlangoni kwake kumwamkia. Walivaa vazi rasmi, wakasimama kwa zamu, na mwisho wakapewa kikapu kidogo cha chakula, au sarafu badala yake. Kikapu kile kilionyesha nani mkubwa na nani mdogo. Ngalawa ikifika Kunduchi au Msasani asubuhi, nako kuna kugawana. Kabla ya mnada hutolewa kitoweo, samaki wa nyumbani kwa kila baharia, na waliosaidia kuvuta chombo mchangani hawaondoki bure. Baada ya kuuza na kutoa gharama, pesa hugawanywa kwa mafungu: fungu la chombo, fungu la zana, mafungu ya mabaharia. Mwenye chombo hupata zaidi, wala hakuna anayeficha. Lakini baharia hamwamkii mtu ili apewe kitoweo chake. Ni haki yake, na nahodha akiipunja atajikuta kesho hana wa kwenda naye.

Haya yote hayamaanishi kwamba watu wa leo ni wale wale wa Rhapta. Watu wamehama na kuhamia, Uislamu umeingia na kuipa pwani kalenda yake, hata vijiji vingi vya wavuvi havitii ngalawa majini Ijumaa kabla ya sala. Washomvi wa Mzizima, kijiji kilichotangulia Dar es Salaam, wanasimulia asili ya Barawa, pwani ya Somalia. Wazaramo walishuka kutoka bara, na masimulizi yanasema kiongozi wao Pazi Kilama aliwasaidia Washomvi kuwafukuza Wakamba waliowavamia, na kwa msaada huo Washomvi wakawa wanatoa ada kwa Wazaramo. Uzaramo haukuwa na mfalme mmoja. Kila mji ulikuwa na mkubwa wake. Sultani Majid alipoanza kujenga Dar es Salaam katika miaka ya 1860, alikuta utaratibu huo ukiwa na mizizi.

Yule mfanyabiashara aliona bandari, hakuona uani. Hakuandika neno juu ya wanawake wanaofuata maji wakati wa bamvua, wakitafuta pweza kwa fimbo kwenye mashimo ya miamba, au wakitanda uduvi kwa nguo. Wala hakuona jinsi mtoto anavyofanywa mtu mzima. Katika Uzaramo msichana alivunja ungo akawekwa ndani, akawa mwali, akafundishwa na kungwi, akakabidhiwa mwanahiti, kinyago kidogo cha mti chenye kichwa cha vishungi viwili, akitunze kama mtoto. Marja-Liisa Swantz, mtafiti kutoka Finland, aliishi Bunju katika miaka ya 1960 na kuandika kwa makini juu ya mila hizi. Kukaa ndani kwa miaka kumekwisha, shule imepunguza siku hizo na ni vizuri ilivyopunguza, lakini ngoma ya kumtoa mwali bado inafunga mitaa ya Temeke na Mbagala mwishoni mwa wiki. Roma nayo ilikuwa na siku yake. Tarehe 17 Machi, sikukuu ya Liberalia, vijana wengi wa kiume walivua hirizi waliyovalishwa utotoni na kuvaa vazi jeupe la watu wazima, wakasindikizwa na jamaa hadi uwanja mkuu wa mji. Binti wa Kirumi, kabla ya harusi, aliwatolea miungu vitu vyake vya kuchezea. Mwanafunzi aliyeona mwali akitolewa ataielewa Liberalia kwa dakika moja. Mwalimu hana haja ya kuchora chochote ubaoni.

Kasa sasa analindwa na sheria, na ni lazima aendelee kulindwa. Dema halina mlinzi. Yale ya waya wa chuma yameanza kuchukua nafasi ya yale ya mianzi, mabomu ya kuvulia samaki yalivunja miamba mingi ambako wazee walitega, na vijana wengi wa Kunduchi na Mbwamaji wanaona bodaboda ina faida zaidi kuliko kuchana mianzi.

Kwa hiyo naomba jambo moja kwa walimu wa historia wa Kinondoni, Temeke na Kigamboni. Somo la Periplus likifika, angalieni kalenda ya bamvua, chukueni wanafunzi mwende pwani wakati wa kupwa, na mtafuteni fundi mmoja wa madema. Mlipeni kwa muda wake. Mwacheni asuke mlango wa dema mbele ya darasa, aeleze samaki anavyoingia na kwa nini hatoki, na wanafunzi waandike kila neno analolisema. Mafundi hao wengi ni wazee, na wanaojifunza kwao ni wachache sana.