Kufundisha Namna Kompyuta Inavyoitambua Faili: Aina, Ikoni na Programu ya Kuifungulia

Katika ziara moja ya kukagua mazoezi ya kufundisha, tulifika katika shule ya sekondari tukawakuta walimu wakiandika upya alama za kidato cha pili, karatasi baada ya karatasi. Faili ya alama, tuliambiwa, ilikuwa imeharibika. Tulipodadisi zaidi tuligundua kwamba mwalimu mmoja alitaka kuipa faili hiyo jina lililo wazi zaidi. Alilifuta jina la zamani lote, akaandika "alama muhula wa pili". Kompyuta ilimpa onyo, naye akalikubali bila kulisoma. Papo hapo ile ikoni ya kijani ikageuka ukurasa mweupe mtupu, na faili ikakataa kufunguka. Ikapelekwa kwenye kompyuta nyingine, mambo yakawa yaleyale. Wakakata shauri kwamba ni kirusi, wakaifuta diski nzima. Kwa bahati mbaya baadhi ya karatasi za mtihani zilikuwa zimekwisha rudishwa kwa wanafunzi.

Faili ile haikuwa na kasoro yoyote. Kilichokuwa kimeondoka ni nukta moja na herufi nne za mwisho wa jina lake, yaani .xlsx. Miongoni mwa waliokuwapo alikuwa mwanachuo wetu mwenyewe, aliyekwisha soma kompyuta kwetu kwa mwaka mzima. Tulikuwa tumemfundisha kubofya. Hatukumfundisha kinachotendeka anapobofya. Tangu siku ile tumelibadili somo hili, na hapa tunaeleza namna tunavyolifundisha.

Jambo la kwanza ni kuyatenga maswali matatu ambayo wanachuo huyachanganya. Faili hii ni ya aina gani? Ionyeshwe kwa ikoni ipi? Na ifunguliwe kwa programu ipi? Mtumiaji huyaona yote matatu kwa mara moja, kwa hiyo hudhani kwamba ni kitu kimoja na kwamba kimo ndani ya faili. Kumbe kwa faili nyingi za kawaida, ikoni na programu ya kufungulia havimo ndani ya faili hata kidogo. Hutunzwa na mfumo endeshi, mahali pengine kabisa.

Mfano unaotusaidia sana tunautoa katika somo la Kiswahili. Neno "kijana" lina umbo la ngeli ya KI-VI, lakini hatusemi "kijana kimefika", bali "kijana amefika". Anayetazama umbo peke yake atakosea upatanisho, na anayetazama maana atapatia. Kompyuta nayo ina njia hizohizo mbili: inaweza kulitazama jina la faili, hasa kiambishi chake cha mwisho baada ya nukta, au inaweza kuzitazama baiti za mwanzo zilizomo ndani yake. Windows kwa kawaida hufuata jina. Programu ya "file" katika mifumo ya jamii ya Unix hufuata yaliyomo. Katika Linux njia zote mbili hutumika pamoja: jina huangaliwa kwanza, na lisipotoa jibu moja la uhakika, mwanzo wa faili husomwa. Macintosh ya mwaka 1984 ilikuwa na njia ya tatu, ambayo twaiona kuwa nzuri kuliko zote: kila faili ilibeba, nje ya jina lake, herufi nne za aina yake na nyingine nne za programu iliyoiumba. Mtumiaji aliweza kulibadili jina apendavyo, na faili isipoteze utambulisho wake.

Sasa tuifuate safari ya kiambishi katika Windows. Mfumo ukikuta .xlsx, huitafuta katika rejista yake, katika tawi liitwalo HKEY_CLASSES_ROOT. Huko hukuta jina la aina, kwa mfano Excel.Sheet.12. Chini ya jina hilo mna sehemu iitwayo DefaultIcon, inayotaja ikoni ilipo, na nyingine yenye amri ya kuifungua faili. Uchaguzi wa mtumiaji mwenyewe, kama ameamua kutumia programu nyingine, huandikwa mahali pake pa peke yake na hutangulia hayo mengine. Kiambishi kisipokuwapo, safari haina pa kuanzia. Ndiyo maana ya ule ukurasa mweupe: si dalili ya ugonjwa, ni mfumo unaokiri kwamba haujui.

Tunapofika kwenye kuandika programu, kosa la karibu kila mwanachuo ni kutaka kuandika orodha yake mwenyewe: ikiwa .pdf, onyesha picha hii, ikiwa.jpg, onyesha ile. Orodha kama hiyo huzeeka siku ileile inapoandikwa, na haijui mwenye kompyuta anapendelea nini. Yapasa programu iuulize mfumo. Katika Windows swali la ikoni na la jina la aina huulizwa kwa SHGetFileInfo, na la programu ya kufungulia kwa AssocQueryString. Katika macOS huulizwa NSWorkspace. Katika Linux amri ya xdg-mime hujibu yote mawili, aina na programu. Inapendeza kuwaonyesha wanachuo kwamba SHGetFileInfo, ikiombwa ifuate jina peke yake, hutoa ikoni hata ya faili isiyokuwapo duniani. Hapo darasa hucheka, na somo hueleweka.

Kwa darasa la wanaoanza, Python yatosha. Mwanachuo aite mimetypes.guess_type kwa jina "alama.pdf", naye atapata application/pdf. Jina hilo la sehemu mbili limetokana na kanuni ya MIME, iliyoandikwa na Nathaniel Borenstein na Ned Freed mwaka 1992 kwa ajili ya barua za kompyuta. Kisha aiite kwa jina "alama" tu: atajibiwa None, yaani hakuna. Halafu aifungue faili yenyewe na kusoma baiti nne za mwanzo. Ataona %PDF, hata kama jina limefutwa lote. Afanye hivyo kwa faili ya .xlsx: ataona PK, na baada yake baiti mbili zisizosomeka. Hapa mwalimu asiharakishe, kwa kuwa PK ni alama ya faili zilizofungashwa kwa mtindo wa zip, na .docx nayo huanza hivyohivyo. Hapana budi kutazama ndani zaidi: penye folda "xl" ni jedwali, penye "word" ni waraka. Faili ya maandishi matupu haina alama yoyote ya mwanzo, na hapo yaliyomo nayo hushindwa kutoa ushahidi.

Kompyuta zikiwa chache, tunaanza kwa bahasha. Tunaandaa bahasha kumi, kila moja ikiwa na neno juu yake: barua, risiti, ramani. Ndani ya baadhi yake tunaweka kitu kisicholingana na neno hilo, na mbili tunaziacha bila neno. Kundi la kwanza hupanga bahasha kwa kusoma juu tu. La pili huruhusiwa kuchungulia mstari wa kwanza. La kwanza humaliza mapema na hukosea. La pili hukawia. Tunawaacha wabishane ni lipi lililofanya kazi bora, na mabishano hayo tunayathamini kuliko maelezo yetu ubaoni.

Upo pia upande wa usalama. Mwezi Mei 2000 faili iitwayo LOVE-LETTER-FOR-YOU.TXT.vbs ilienea duniani kwa barua pepe. Kwa kuwa Windows ilikificha kiambishi cha mwisho, wengi waliona .TXT, wakadhani ni maandishi, wakaifungua; nayo ilikuwa programu. Ikoni nayo si ya kutegemewa, kwa sababu faili ya .exe hubeba ikoni yake yenyewe ndani, na mwenye nia mbaya anaweza kuchora ya PDF. Windows bado huvificha viambishi isipoagizwa vingine. Tunawataka wanachuo wavifichue kwenye kompyuta zote za maabara kabla ya kipindi cha kwanza.

Zoezi la mwisho tunalowapa ni faili tano zisizo na viambishi, wazirudishie majina yake kwa kuandika programu fupi. Moja ya hizo ni jedwali la alama. Aghalabu wanachuo wawili au watatu huona PK, huandika .zip, na kuridhika. Tunawarudishia kazi bila alama ya kosa, tukiwa tumeandika pembeni tu: "Fungua, utazame folda."